Fomu Nayo ni Amana

Mama yetu ana maradhi ya tezi ya shingo. Tezi hiyo haitoi homoni ya kutosha, naye humeza kidonge kila siku kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani hukimeza kabla ya daku. Hapa Kisumu Ndogo, Kibera, tulichanga fedha za vibarua vyetu tumkatie bima ya kampuni binafsi. Fomu iliuliza: una maradhi ya kudumu? Wakala akatunong'oneza tuandike "Hapana", malipo yapungue.

Tulinyamaza. Mama akachukua kalamu. "Wanangu, njia ya mwongo ni fupi." Akaandika "Ndiyo".

Alikubaliwa, ila kwa maradhi hayo angoje mwaka mzima. Tuliumia. Lakini anayeficha ugonjwa huweza kunyimwa fidia siku anapolazwa, na michango yake yote ikapotea. Bima ya Serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hatukuiacha. Kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Dawa tunainunua kwa zamu. Imebaki miezi minne, inshallah.