Mwinuko wa Timboroa na Malori ya Kupandikizwa Injini

Barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret haina mwinuko wa kutisha macho. Mgeni aliyeketi katika motokaa ndogo huenda asitambue kwamba anapanda, ila masikio yamzibe na baridi imwingie mikononi. Nakuru ni mji ulio kadiri ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa ni kadiri ya futi 9,000. Futi hizo 3,000 hupandwa katika safari isiyofika kilomita 100, kupitia Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, na mstari wa ikweta huvukwa kabla ya kufika Timboroa kwenyewe. Ni nchi ya misitu, viazi na ukungu. La ajabu ni kwamba katika baridi hiyo hiyo, ambapo taniboi hujifunika gunia juu ya mzigo, ndipo injini nyingi huchemka.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, nayo karibu na Timboroa ilipita penye futi 9,136. Gari moshi la zamani halikuona taabu ya kuchemka, maana kuchemsha maji ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lori lina shida iliyo kinyume chake: maji yake yakichemka tu, safari imeharibika.

Malori hupanda na mbolea na kushuka na mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Yale yaliyo kama yalivyotoka kiwandani, yakitunzwa, hupanda bila neno. Yanayoonekana kando ya njia, boneti wazi na mvuke ukifuka, mara nyingi ni yale yaliyobadilishwa. Mtu mwenye lori la silinda nne huona linachoka milimani, naye hutafuta injini ya silinda sita kutoka katika lori lililoanguka. Fundi huing'oa ile ya kwanza, hukata vyuma viwili vitatu, huunga vingine, na baada ya siku chache lori hunguruma kwa sauti mpya. Mbao za ubavuni huongezwa kimo ili magunia yazidi. Mbele hufungwa vyuma vya kukinga, taa kubwa, na ubao wenye maneno ya baraka. Hujaribiwa katika tambarare, likaenda vizuri. Mwenye mali akalipa, fundi akapokea. Kosa la karakana hujulikana Sachangwan.

Injini kubwa huchoma mafuta mengi. Katika joto lote la mafuta hayo, kadiri ya theluthi moja tu ndiyo izungushayo magurudumu. Kadiri ya theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya lililobaki sharti ichukuliwe na maji na kutupwa hewani kwa njia ya rejeta. Mara nyingi rejeta iliyoachwa ni ile ile ya injini ndogo. Tena zile taa na ule ubao vimeuziba mlango ambao hewa ingeingilia.

Mlima nao huongeza yake. Hewa ya Timboroa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya robo, basi feni hata ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu. Maji ambayo Mombasa huchemka kwa digrii 100, Timboroa huchemka kwa digrii 91 hivi. Nayo injini isiyo na taabo, kwa kukosa hewa, hupoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Dereva huingiza gea ya chini, lori hutambaa, na upepo wa mwendo haupo tena.

Kwa sababu hii kifuniko cha rejeta si kizibo tu kama cha chupa. Springi yake hubana maji yasichemke upesi. Kifuniko cha ratili 7 kwa inchi mraba hupandisha kiasi cha kuchemka kwa digrii zaidi ya 10. Anayekifunga kwa kitambaa na waya amejinyima digrii hizo zote mahali anapozihitaji kuliko popote.

Lakini kitu kitupwacho kwa urahisi zaidi katika kazi hii ya kupandikiza ni lile bati la duara lizungukalo feni. Injini mpya ikiwa ndefu kidogo, bati halitoshei, nalo hutupwa kwenye vyuma vikuukuu. Bila bati hilo, feni huvuta hewa ya pembeni, iliyokwisha pata moto, na kuizungusha pale pale. Sehemu ya katikati ya rejeta hupoa na pembe zake zote hubaki bure. Fundi mwenye akili hulitengeneza upya kwa bati la kawaida, akaliweka hata nusu ya upana wa mapanga iwe ndani yake, kisha huziba nafasi za kando ya rejeta kwa vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na bei yake haifiki hata ya gasketi na kuchongesha silinda hedi iliyopinda.

Jambo la pili ni themostati. Mafundi wengi huitoa wakidhani inazuia maji. Katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ambayo maji hurudia katika injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia ile hubaki wazi siku zote. Matokeo yake ni injini iliyo baridi mno asubuhi, ikila mafuta bure, na yenye moto kupita kiasi mlimani.

La tatu halionekani kwa macho. Injini iliyopandikizwa ikikaa juu kuliko rejeta, hewa hujikusanya kichwani mwake na maji hayafiki. Tangi dogo la maji lililowekwa mahali pa juu kuliko injini huiondoa hewa hiyo. Wala dereva asitegemee geji ya joto peke yake: maji yakiisha kabisa, kipimo hakiguswi na maji tena, na mshale huweza kushuka. Dereva hufurahi kwamba imepoa, kumbe inaungua.

Lori likichemka huku maji yakiwa bado yamo, ni bora kuliondoa barabarani na kuiacha injini izunguke polepole bila gea, ili pampu iendelee kupeleka maji. Kama maji yamekwisha mwagika, izimwe mara moja. Kifuniko hakifunguliwi mpaka rejeta iweze kuguswa kwa mkono. Mataniboi wameungua nyuso kwa haraka ya dakika chache. Maji ya kuongeza yasiwe ya baridi yaliyomiminwa kwa mkupuo, yasije yakapasua chuma. Maji ya mvua yanafaa zaidi. Ya visima vya Bonde la Ufa, mengi yana chumvi na magadi, huacha ukoko ndani ya mirija.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko katika kushuka. Dereva aliyechemsha injini upande wa Burnt Forest, akafika Timboroa kwa taabu, hushawishika kutoa gea ateremke hivi hivi, akisema injini inapumzika. Hapo amekosea mara mbili. Injini ya dizeli iliyo ndani ya gea, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, haichomi karibu chochote, na pampu na feni vinazunguka kwa kasi. Hupoa upesi kuliko ikiachwa huru. Na bila gea uzito wote wa magunia huangukia breki. Breki hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa umeua watu wengi. Hapo Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka na moto wake ukaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekusanyika.

Salgaa madereva husimama kunywa chai. Walioshuka kwa gea hugusa ngoma za magurudumu kwa kiganja, zikiwa vuguvugu, kisha huagiza chapati. Taniboi hujaza madebe mawili ya maji na kuyafunga nyuma ya kichwa cha lori, kwa ajili ya kupanda tena na mbolea.