Bangili na Oili

Gari la mikate liliposimama, mwenyewe alistaajabu. Kibandiko juu ya kioo kiliagiza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, naye alikuwa hajatimiza hata 4,000. Miezi 16 ilikuwa imepita tangu aimwage ile ya mwisho, lakini miezi hakuihesabu. Fundi alipoifungua injini alikuta oili imegeuka tope, njia zake zimeziba na vyuma vimelika. Mkewe akavua bangili zake mbili za dhahabu, zikauzwa, injini ikatengenezwa upya.

Siku ya kulichukua gari, mwenyewe alidhani upole ndiyo heshima.

"Nitaliacha lingurume uani wiki nzima, Mzee, lizoee."

"Hapana, mwanangu. Ukiidekeza injini utaiharibu. Ukiitesa pia utaiharibu."

Ukuta wa silinda huchorwa kwa makusudi mistari myembamba inayopishana. Ringi mpya huwa bado hazijauzoea ukuta huo; nguvu ya petroli inapowaka ndiyo inayozikandamiza, hadi vyuma hivyo vikasuguana na kukubaliana. Injini ikinguruma pasi na mzigo, nguvu hiyo ni hafifu: ukuta hung'ara kabla ringi hazijakaa, kisha oili hupenya na kuungua kwa moshi wa buluu. Ikikanyagwa kwa pupa, joto huzidi na vyuma hukwaruzana. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo, gari likawa likienda Nungwi na kurudi alfajiri, mwendo ukibadilika kila mara, kanyagio lisifike chini. Kisha oili ikamwagwa, ikatoka na chembe za chuma zikimetameta. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya kuzoeana.

Likabaki swali la zamu zitakazofuata. Gari la mikate hutoka Michenzani hadi Darajani, likazimwa. Darajani hadi Kikwajuni, likazimwa tena. Safari ya dakika tano haiipi oili joto la kutosha kuukausha unyevu na petroli iliyojipenyeza ndani yake. Kilomita huwa chache, uchafu ukawa mwingi. Ndiyo maana vitabu vya magari aghalabu hutaja masafa pamoja na muda, kinachotangulia kikafuatwa, na huvipunguza vyote viwili kwa gari la safari fupi au la njia za vumbi. Kisiwani, ambako hakuna kwenda mbali, kalenda ni shahidi mwaminifu kuliko mita.

Siku hizi, katika daftari la madeni ya mikate, ukurasa wa mwisho una tarehe tupu, moja kwa kila miezi minne. Mke ndiye aziandikaye. Mikono yake ingali haina bangili. Lakini kila tarehe ifikapo humkumbusha mumewe, naye huingia chini ya gari bila ya kujibu neno.