Njia ipo, ni jina tu halijulikani



Mwezi uliopita chumba chetu cha kompyuta kilipata ruta mpya. Kesho yake asubuhi vijana wa darasa la Linux wakaanza kulia: "Mtandao umekufa!" Kumbe haujafa. Kompyuta zetu ni za Windows, na Linux tunaifundishia ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, kama mpangaji kwenye nyumba ya mtu. Mwenye nyumba alipata intaneti vizuri, mpangaji hapati. Na kazi ya kupatia cheti ilitakiwa itumwe Ijumaa, kutoka humo humo.

Wengine wakasema tufute yote tuanze upya. Tukawaambia ngojeni kwanza, kazi za miezi mitatu zimo mle ndani. Tukaandika ping 8.8.8.8, ikajibu. Tukaandika ping na jina la tovuti, kimya. Basi tukajua: njia ipo, ila majina hayatambuliki.

Hapa wazee wataelewa haraka kuliko vijana. Mgeni akija kambini na jina la mama fulani tu, hafiki. Atamuuliza balozi, naye atamwambia zoni, kijiji na namba ya nyumba. Intaneti ni vile vile. Sisi tunaandika majina, mashine zinatafutana kwa namba. Kazi ya balozi inafanywa na DNS, utaratibu aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote yalikaa kwenye faili moja, kila kompyuta ikinakili.

Sasa mpangaji wetu alikuwa anamuuliza balozi aliyekwisha hama. Tulifungua faili la /etc/resolv.conf tukakuta namba ya ruta ya zamani, 192.168.1.1, wakati mpya ni 192.168.8.1. Sababu ni kwamba jioni mashine ile haizimwi, inalazwa tu, asubuhi inaamka na maelekezo ya jana. Tukaizima kabisa, tukaiwasha, ikachukua namba mpya. Majina yakajibu!

Kwenye Linux nyingine faili hilo litaonyesha 127.0.0.53. Usishtuke, andika resolvectl status utamwona balozi mwenyewe. Tena VirtualBox ina mpangilio wa kumfanya mwenye nyumba aulize kwa niaba ya mpangaji. Tumeuweka, ili ruta ikibadilishwa tena tusisumbuke.

Kazi zote zilitumwa Alhamisi, hakuna iliyopotea.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani akisema mtandao umekufa, muulizeni: umejaribu kwa namba? Sisi tuliopotezana na ndugu njiani tunajua vizuri kwamba mtu kutojulikana anapokaa si kusema hayupo. Usifute haraka. Uliza kwanza kwa anayejua.

Karibuni chumbani, Jumatatu hadi Ijumaa, akina mama pia.