Mama aliyengojea leza

Mwaka uliopita, katika kipindi chetu cha afya, nilisoma habari moja ambayo haikufika hata dakika mbili. Ilihusu leza inayotumiwa Ulaya kwa kuondoa mtoto wa jicho, ule ugonjwa ambao wengi hapa tunauita katarakti. Nilisema ni mashine ya kisasa, hakuna kisu. Habari hiyo niliitoa kwenye simu, sikuuliza daktari hata mmoja.

Mama mmoja aliyekimbia vita Masisi, anayekaa kwa ndugu zake hapa Goma, alinisikia. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa, na jina lake lilikwisha andikwa kwa operesheni ya kawaida. Hakwenda. Alimwambia mtoto wake: "Wasinikate. Tutangojea ile mashine ya redio." Wakaanza kuweka franka kando, kidogo kidogo.

Nilikuja kumjua miezi minane baadaye, mtoto wake aliponipigia simu kuuliza leza itafika Goma lini. Siku ile jicho la kushoto lilikuwa jekundu na lilimuuma mpaka akawa anatapika. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki. Daktari alitueleza kwamba katarakti ikiachwa muda mrefu inaweza kuvimba ndani ya jicho, maji ya jicho yakakosa njia, presha ikapanda na kuua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ule ukishakufa, hakuna kisu wala leza ya kuurudisha. Jicho la kushoto halikuona tena.

Ndipo nikaanza kujifunza kile nilichopaswa kujua kabla ya kufungua mdomo.

Leza haichomi katarakti ikaisha. Tangu Zoltán Nagy alipoanza kuitumia kwa wagonjwa huko Budapest mwaka 2008, kazi yake ni kufungua mlango kwenye ngozi nyembamba inayofunika lenzi ya jicho, na kuikata ile lenzi vipande. Baada ya hapo daktari bado anaingiza vyombo vyake, anaivunja na kuifyonza lenzi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha anaweka lenzi mpya. Kwa hiyo ile "hakuna kisu" yangu ilikuwa uongo, hata kama sikukusudia.

Na je, wanaotumiwa leza wanaona vizuri zaidi? Wafaransa walilinganisha katika hospitali 5 za vyuo vikuu, Waingereza nao wakalinganisha kwa wagonjwa 785. Matokeo yote mawili yalitoka mwaka 2020. Hawakukuta tofauti ya maana kati ya leza na mashine ya kawaida, si katika kuona, si katika matatizo ya baadaye. Kilichozidi ni gharama.

Lakini hata mashine ya mawimbi ya sauti si kila hospitali inayo. Kuna njia nyingine: daktari anapasua tundu dogo kwa mkono, anaitoa lenzi nzima, na kidonda kinajifunga bila kushonwa. Huko Nepal, daktari Sanduk Ruit na wenzake waliilinganisha na mashine hiyo kwa wagonjwa 108, wakatangaza matokeo mwaka 2007. Baada ya miezi 6, katika kila kundi, watu 98 kwa 100 waliona vizuri wakipimwa na miwani. Ile ya mkono ilichukua karibu dakika 9, ya mashine zaidi ya dakika 15.

Daktari wetu alicheka nilipomuuliza kuhusu leza. Alisema anachohangaikia yeye ni mambo mengine: kupima jicho ili lenzi mpya iwe na nguvu inayofaa, usafi wa chumba, na mgonjwa kurudi kesho yake kuangaliwa. Halafu dawa ya matone, wiki kadhaa, bila kuruka. Kwa mtu anayelala chini ya shiti, katika vumbi hili letu la volkano na moshi wa makala, hiyo ndiyo sehemu ngumu. Maji ya kunawia yanatoka wapi? Nani atamtilia matone kama mtoto ameenda kutafuta kazi?

Jicho la kulia lilipasuliwa kwa mkono, chini ya sindano ya ganzi. Mjukuu wake wa miaka kumi ndiye aliyemtilia matone, akichora msitari kwa makala ukutani kila mara. Walipofungua bandeji, mama alinitazama muda mrefu.

"Ni wewe wa redio?"

"Ni mimi, mama."

"Basi rudi uwaambie."

Nimerudia habari ile mara tatu, safari hii daktari akiwa karibu yangu. Jumatatu mtu mwingine alipiga simu kuuliza bei ya leza.