Sauti ya Ukumbini na Kinanda cha Umeme

Wahenga walisema kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Methali hii humwonya mtu anayetoka mahali anapojulikana na kwenda mahali asipojulikana. Katika mambo ya muziki watu wengi huifuata hata bila kuitaja. Husema kwamba sauti iliyolelewa katika jumba la opera haiwezi kuwika penye vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na kwamba mwimbaji wa vijana hana kazi mbele ya mwimbaji wa opera. Ndugu msomaji, hiki hapa ni kisa cha watu wawili walioijaribu methali hiyo, na mmoja wao alizaliwa Unguja.

Mtoto huyo alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Bara Hindi, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali ya kikoloni. Jamaa za askari na polisi wanayafahamu vema maisha ya namna hiyo: mshahara wa serikali, makazi yasiyo ya kudumu, na mtoto kupelekwa shule ya bweni ya mbali. Farrokh alipelekwa India akiwa mtoto wa miaka 8 hivi, na huko Panchgani ndiko alikojifunza piano. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ilihamia Uingereza. Huko akajiita Freddie Mercury, na mwaka 1970 akaunda kundi la Queen pamoja na wenzake.

Kundi hilo lilikuwa na fahari yake. Katika majalada ya santuri zao za miaka ya 1970 waliwatangazia wasikilizaji kwamba hapakutumika sintesaiza, yaani kile kinanda cha umeme chenye kuzaa sauti za kila namna. Yote yaliyosikika yalitoka katika magita, piano, ngoma na makoo ya wapigaji wenyewe. Mwaka 1975, katika wimbo uitwao Bohemian Rhapsody, watatu kati yao walirekodi sauti zao moja juu ya nyingine, mara nyingi sana, hata ikasikika kama kwaya nzima ya opera. Hawakuipokea sintesaiza mpaka mwaka 1980, katika santuri yao iitwayo The Game. Kumbe basi mtu aliyekuja kuiunganisha opera na kinanda cha umeme alitoka katika nyumba ambayo kwa miaka mingi ilikifungia mlango kinanda hicho.

Wa pili alikuwa Montserrat Caballé, mwanamke wa Hispania, aliyezaliwa katika mji wa Barcelona mwaka 1933. Utoto wake uliangukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile, vilivyopiganwa kuanzia 1936 hadi 1939. Alisomea uimbaji katika chuo cha Liceu cha mji huo huo. Mwezi Aprili 1965 aliitwa New York kuishika nafasi ya mwimbaji mwingine aliyekuwa hawezi kuimba, katika opera ya Donizetti iitwayo Lucrezia Borgia, na tangu usiku huo jina lake likaenea duniani. Alisifiwa hasa kwa pumzi yake. Aliweza kuishika noti ya juu kwa sauti ndogo mno, kwa muda mrefu, bila kuitetemesha wala kuipoteza, na bado mtu wa kiti cha nyuma kabisa akaisikia.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa opera, na yafaa uelezwe. Mwimbaji wa opera hufunzwa kuimba pasipo kipaza sauti. Karibu naye kuna okestra ya watu 60 au 80, na mbele yake wameketi wasikilizaji elfu au zaidi. Hawezi kuishinda okestra kwa kupiga kelele. Akijaribu, koo litaharibika kabla ya mwaka kwisha. Okestra huwa na nguvu nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji wa kiume aliyefunzwa huliteremsha zoloto lake na kuupanua uwazi wa koo, hata sauti yake ikapata nguvu ya pekee karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungua. Mwanamke mwenye sauti ya juu hutumia njia nyingine: hufungua kinywa kadiri noti inavyopanda, ili mwangwi wa ndani ya kinywa uende sambamba na noti ile. Hivyo sauti hupenya kama sindano katika kitambaa kizito.

Mwimbaji wa muziki wa vijana hakulelewa hivyo. Yeye ana kipaza sauti karibu na midomo, na aweza kunong'ona mbele ya watu elfu 70 wakamsikia. Sintesaiza nayo haina mti wala nyuzi. Ndani yake umeme hutetemeshwa, kisha baadhi ya mitetemo huchujwa na mingine huachwa, mpaka itokee sauti inayofanana na fidla, tarumbeta au kitu kisichopata kusikika duniani. Mmarekani Robert Moog alionyesha chombo chake cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1964. Kufikia mwaka 1983 watengenezaji walikuwa wamekubaliana juu ya lugha moja ya kuviunganisha vyombo hivyo, na mtu mmoja akaweza kuviamrisha vingi kwa mikono yake miwili.

Ukiviweka vitu hivyo viwili pamoja, hutokea shida mbili. Shida ya kwanza ni ya mwendo. Askari yeyote anajua kwamba katika gwaride miguu huifuata ngoma, na ngoma haimngoji mtu. Ngoma ya mashine ndivyo ilivyo. Lakini katika opera, mwimbaji akitaka kuirefusha noti kwa sababu maneno yana huzuni, kiongozi wa okestra humtazama, huinua mkono, na watu 80 humngoja. Shida ya pili ni ya mahali. Sauti ya opera imetengenezwa kwa ajili ya jumba. Hupata uzuri wake baada ya kugonga dari na kurudi. Ndani ya chumba kidogo cha kurekodia, mbele ya kipaza sauti, huonekana kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyevaa koti la mvua sebuleni. Ni lazima fundi amrudishe mwimbaji hatua kadhaa nyuma, kisha aongeze mwangwi wa kutengenezwa.

Mercury alikuwa amekwisha kumsikia Caballé katika jumba la opera la London mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu siku hiyo alikuwa akizitafuta santuri zake. Mwaka 1986, alipohojiwa na televisheni ya Hispania, alisema waziwazi kwamba anaipenda mno sauti ya mama huyo. Mwezi Machi 1987 wakakutana katika hoteli moja mjini Barcelona. Mercury alikuwa pamoja na Mike Moran, mpiga vinanda, na alikuja na wimbo ambao ndani yake yeye mwenyewe aliiga sauti ya juu ya kike. Yeye alitazamia wimbo mmoja tu. Caballé ndiye aliyetaka santuri nzima. Basi wa shamba na wa mjini walikutana, na asiyeogopa alikuwa ni yule ambaye watu walidhani ana heshima ya kupoteza.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa njia ya kustaajabisha. Caballé alikuwa amekwisha kuahidi maonyesho mengi katika nchi mbalimbali, wala hakuweza kukaa studio kwa miezi. Kwa hiyo Mercury na Moran walitunga nyimbo, wakazirekodi kwa vinanda vya umeme na ngoma za mashine kwa sehemu kubwa, kisha Mercury akaziimba sehemu zote mbili: yake kwa sauti yake, na ya Caballé kwa sauti ya juu ya kuiga. Utepe ukapelekwa kwa mama huyo, akajifunza safarini, na alipopata nafasi akaingia studio akaiweka sauti yake mahali pa ile ya kuiga.

Katika mwaka huo wa 1987 kulikuwa na jambo jingine. Mercury aliambiwa na madaktari kwamba anao ugonjwa wa UKIMWI. Dawa za kuudhibiti kama zinavyotolewa katika hospitali leo, ambazo humwezesha mgonjwa kufanya kazi na kulea watoto wake kwa miaka mingi, zilikuwa bado hazijapatikana. Mtu aliyejua kwamba siku zake zimehesabiwa hakuwa na nafasi ya kungoja okestra ikusanyike. Kinanda cha umeme kilikuwapo, kilikuwa tayari usiku na mchana, hakikuomba likizo. Wimbo uitwao Barcelona ukatolewa mwezi Oktoba 1987, na santuri nzima ya jina hilo mwezi Oktoba 1988.

Wapo waliosema, na hawakusema uongo, kwamba vinanda vile havikuistahili sauti ile. Fidla za sintesaiza zilikuwa laini mno, kwa kuwa katika okestra halisi kila mpigaji huusukuma upinde wake kwa namna iliyotofautiana kidogo na ya jirani, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazoupa muziki mwili. Tena palikuwa na swali la riziki. Pale ambapo mtu mmoja hufanya kazi ya watu 80, yapasa kuuliza wale 79 watakula nini.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawahitaji kufundishwa swali hilo na Wazungu. Taarab ya Unguja, ambayo kikundi chake cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ililelewa na fidla, kanuni, udi na kodiani, pamoja na wapigaji wengi walioketi kwa safu. Katika miaka ya 1990 ilienea taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme, gita la umeme na vipaza sauti vikubwa. Vikundi vikawa vidogo, gharama ikapungua, na watu waliokuwa wakiketi kwa utulivu wakasimama kucheza. Wazee walilalamika kwamba heshima imepotea. Vijana walijibu kwamba sherehe zimejaa. Kila upande ulikuwa na haki kwa jambo lake, na hadi leo taarab zote mbili zina wapenzi wake.

Tarehe 8 Oktoba 1988 Mercury na Caballé walisimama pamoja mjini Barcelona, katika sherehe ya kuipokea bendera ya Michezo ya Olimpiki iliyokuwa imetoka Seoul. Hawakuimba papo hapo; ulipigwa utepe nao wakaufuatisha kwa midomo. Hiyo ikawa mara ya mwisho kwa Mercury kuonekana mbele ya watu katika onyesho la namna ile. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza ugonjwa wake, na kesho yake akafariki London, akiwa na umri wa miaka 45. Michezo ilipofanyika Barcelona mwaka 1992, wimbo wao ulirudi na kusikika duniani kote, naye hayupo. Tarehe 26 Mei 1999, kabla ya ule mchezo ambao Manchester United iliwashinda Bayern Munich katika dakika za mwisho, Caballé aliuimba uwanjani Barcelona, akijibiwa na sauti ya marehemu iliyohifadhiwa katika utepe.

Mwaka 2012 likafanyika jambo lililojibu lawama ya zamani. Mtunzi aitwaye Stuart Morley aliandika upya sehemu za vyombo vyote, na okestra ya Prague ikazipiga. Sauti za Mercury na Caballé zikachukuliwa kutoka katika tepe za kwanza, vinanda vya umeme vikaondolewa, na mahali pake wakaketi watu wenye fidla na tarumbeta za kweli. Caballé aliishi akaisikia kazi hiyo. Alifariki mwezi Oktoba 2018 akiwa na miaka 85.

Askari ajuaye kazi yake haidharau hema. Hema si nyumba, lakini usiku wa mvua, pasipokuwa na nyumba, ndilo liokoalo maisha. Vinanda vya mwaka 1987 vilikuwa hema la sauti mbili ambazo zisingalikutana kamwe kama zingengoja nyumba ikamilike. Lakini jambo moja halipaswi kusahauliwa: wapigaji wa mwaka 2012 waliweza kuijenga nyumba kwa sababu ndani ya hema mlikuwamo kitu cha kweli. Vinanda viliweza kubadilishwa. Pumzi ya Caballé na koo la Mercury havikuwa na badala, maana vilikuwa matunda ya miaka mingi ya mazoezi ambayo hakuna chombo kilichowafanyia.

Hili ni la kufikiriwa katika nyumba ambazo mtoto ameonyesha kipawa cha kuimba. Siku hizi kinanda cha umeme hupatikana kwa bei ambayo jamaa wakijikusanya waweza kuilipa, na si dhambi kukinunua. Ila mtoto na afunzwe kwanza kusimama wima, kuvuta pumzi mpaka chini ya mbavu, kuitunza noti moja mpaka iwe safi, na kuwasikiliza wenzake. Katika bendi za polisi na za jeshi wamo wapiga tarumbeta wanaojua mambo hayo kuliko mashine yoyote; jioni, kazi ikiisha, mzazi aweza kumwomba mmoja wao amfundishe mwanawe.