Jina la Mwisho Katika Faili



Mwaka jana hapa Ujiji tulipewa amana ya kutayarisha orodha ya wanafunzi wa mtihani. Majina tuliyaandika katika faili la kompyuta, kila jina na mstari wake. Tukatunga programu ya kuyasoma kwa lugha ya Scheme, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Gerald Jay Sussman na Guy Steele katika chuo cha MIT, Marekani.

Katika Scheme, faili halisomwi mpaka lifunguliwe, kwa mfano kwa amri open-input-file. Amri hiyo hutupa kitu kiitwacho poti, yaani bandari. Watoto wa Kigoma hawahitaji maelezo marefu hapo: mzigo hushuka bandarini kidogo kidogo, nayo programu hupokea maneno kwa zamu, tangu mwanzo wa faili hadi mwisho wake.

Kwanza tulitumia amri read. Ikatukatia majina: jina la mtoto likaja peke yake na la baba yake likaja baadaye, kwani read huishia penye nafasi. Tukaiacha, tukatumia read-line, ambayo huchukua mstari mzima. Tukafurahi.

Siku ya mtihani kila mtoto aliitwa akakaa, isipokuwa mmoja. Alisimama mlangoni, kalamu mkononi, akatuuliza, "Maalim, mimi nimefukuzwa?" Tulitamani ardhi ipasuke. Tukafungua faili. Jina lake limo, mstari wa mwisho.

Kosa lilikuwa letu. Faili likiisha, read-line hurudisha alama maalumu ya mwisho, nasi huitambua kwa kuuliza eof-object?. Programu yetu ilishika jina moja mkononi, ikasoma linalofuata, ikaona alama ile, ikaacha kazi kabla ya kuliandika la mkononi. Utaratibu ulio sahihi ni huu: soma, uliza kama ni mwisho, kama si mwisho, andika kwanza, ndipo usome tena. Likiisha, funga kwa close-input-port.

Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, akafanya mtihani wake. Tangu hapo hatubandiki orodha kabla ya kuhesabu mistari ya faili na majina yaliyotoka, mpaka yalingane. Nanyi wanafunzi, mkijaaliwa kukaa mbele ya kompyuta, kumbukeni kwamba mashine hufanya tuliyoiamuru, wala haijui tuliyoyakusudia.