Kimya cha Kilosa

Sikuwa nimewahi kupanda treni ya SGR wala kufika Dodoma. Nilikaa dirishani, laptop nimeipakata, na ndani yake mlikuwa na saa kumi na moja za sauti za wavuvi wazee wa Kilwa Kivinje wakisimulia bahari kwa lahaja yao ya Kimgao. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kuwasikilizisha watu wa semina nzima.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimechoshwa na mashine inayochukua dakika saba kuwaka. Nikafungua msconfig ya Windows, nikaingia kwenye orodha ya huduma, nikaondoa tiki zote kwa mpigo bila kusoma majina.

Sasa treni imeshaipita Pugu, naiwasha laptop: PIN imekataa. Nikaingiza nywila ndefu, ikakubali. Nikavaa spika za masikioni, nikafungua sauti ya mzee wa kwanza. Kimya. Kule pembeni chini, kialama cha spika kilikuwa na X nyekundu. Wifi nayo haikuonekana. Nilihisi tumbo likinikata, maana baadhi ya wazee wale wameshatangulia mbele ya haki na sauti zao nilikuwa nazo humo tu.

Kijana wa siti ya pili akanigeukia. "Shikamoo dada. Umezima nini?"

"Marahaba, mdogo wangu. Programu zinazojiwasha."

"Programu au huduma?"

Sikujua kama ni vitu viwili. Akanieleza taratibu. Programu zile zinazoorodheshwa kwenye Task Manager, za muziki, za gumzo, za printa, ni wageni wanaoingia ukishafungua mlango. Wasipokuja nyumba haidhuriki. Huduma nyingi ni watu wa nyumbani. Windows Audio ndiyo inayotoa sauti, nayo haiamki bila mwenzake, Windows Audio Endpoint Builder. WLAN AutoConfig ndiyo inayotafuta wifi. PIN nayo ina huduma yake, ndiyo maana nywila ilikubali yenyewe ikakataa.

Ushauri wa "zima zote" umeenea sana mitaani, na unaniuma, kwa kuwa anayeutoa huwa hayupo mashine inapogeuka bubu.

Morogoro tukaiacha. Kijana akarudisha kila kitu kwenye uwashaji wa kawaida, akabonyeza iwake upya. Hapo ndipo tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa. Dirisha likawa jeusi ghafla, na kitu pekee nilichokiona kiooni ni mwanga wa skrini na vile vidoa vyeupe vikizunguka, vikizunguka. Tukatoka juani, tukaingia tena gizani, na vidoa bado vinazunguka.

Ilipowaka, ile X nyekundu haikuwepo.

Nilitaka kuishia hapo, yeye hakutaka. Chanzo cha uzito kilikuwa bado kimo. Akaweka tiki kwenye kisanduku kinachoficha huduma zote za Microsoft, zikabaki kumi na mbili. Akazima sita, tukawasha upya: uzito uleule. Akazirudisha, akazima sita nyingine: ikawaka haraka. Basi mwenyewe yumo humo. Akazigawa tena, tatu kwa tatu. Mambo ya subira, na chaji inashuka. Mwisho tukamkuta: antivairasi ya pili, iliyowekwa dukani siku niliyonunua mashine, ikigombania kila faili na ile ya kwanza. Hiyo hakuizima, aliiondoa kabisa, kisha zile nyingine zote akazirudishia tiki zake.

Gulwe imeshapita, nikabonyeza tena faili la kwanza. Mzee akakohoa, akaanza na upepo wa kusi. Mama aliyekaa mbele yangu, aliyekuwa akitufuatilia tangu Kilosa, akanyoosha mkono akaomba upande mmoja wa spika. Treni iliposimama Dodoma hakuurudisha mara moja. Mzee alikuwa bado yuko baharini.